Je, Kumwachia Mtoto Ashinde ni Uongo?



Ndugu msomaji, swali ninalotaka tulifikiri pamoja ni dogo kwa umbo, lakini limetugawa sisi tunaofundisha watoto sataranji kwa muhula mzima. Mwalimu anapocheza vibaya kwa makusudi ili mtoto amshinde, huku mtoto akiamini kwamba ameshinda kwa akili yake mwenyewe, je, mwalimu huyo amesema uongo? Au amefanya rehema?

Kwanza nieleze klabu yenyewe. Sisi ni wanafunzi 4 wa chuo, na kila Jumanne na Alhamisi tunakwenda katika shule moja ya msingi hapa Mbale. Watoto wakishamaliza masomo na kuswali Alasiri, tunakaa nao kuanzia saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili kasoro robo. Tuna mbao 9. Mbili kati ya hizo hazina kete kamili, kwa hiyo vizibo vya soda vimeshika nafasi za askari waliopotea. Watoto ni kati ya 20 na 30, wa darasa la pili hadi la sita. Hakuna haja ya kuwaeleza wazazi wao sataranji ni nini. Tangu habari za Phiona Mutesi wa Katwe zilipoenea, na hasa baada ya filamu ya mwaka 2016, Uganda nzima inajua kwamba mchezo huu si wa matajiri peke yao.

Wengi wa wazazi hao wako sokoni mpaka jioni. Kati ya shule na nyumbani kuna vibanda vya video na maduka ya kubeti. Mtoto asiyekuwa kwetu saa hiyo, yuko huko au anapita huko. Kwa hiyo tunapobishana juu ya namna ya kumfanya mtoto arudi Alhamisi, hatubishani juu ya jambo la mzaha.

Najua wapo watakaouliza kabla ya yote: sataranji yenyewe ina hukumu gani? Swali ni la haki. Wapo wanazuoni walioiharamisha, na Ibn Taymiyya ni miongoni mwa waliolishikilia jambo hilo kwa nguvu. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tumelelewa nayo, kauli mashuhuri ni kwamba ni makruhu, na Imam an-Nawawi ameieleza hivyo. Inakuwa haramu ikiingia kamari au ikimpitisha mtu wakati wa Swala. Katika zama zetu Sheikh Yusuf al-Qaradawi aliiruhusu kwa masharti: isicheleweshe Swala, isiwe na kamari, na wachezaji wachunge ndimi zao. Sisi tumeshikamana na masharti hayo. Hatuanzi kabla ya Alasiri, hatuifikii Magharibi, na mtoto haruhusiwi kuwekeana na mwenzake hata peremende. Anayeona bado kuna tatizo ana wanazuoni wake, na simgombezi.

Ila kuna jambo katika mjadala huo wa kale linalogusa swali langu. Wanazuoni wa Kishafi'i walipoulizwa kwa nini sataranji isichukuliwe sawa na mchezo wa dadu, ambao hadithi zimeukataza waziwazi, walijibu kwamba dadu hutegemea bahati, na sataranji hutegemea fikra na hesabu. Maana yake, kilichoupa mchezo huu nafuu ni kwamba matokeo yake yanatoka katika akili ya mchezaji. Hebu likumbuke hilo, tutalirudia.

Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe. Mwenzangu mmoja, anayesoma ualimu na ambaye watoto wanampenda kuliko sisi sote, huwaachia washinde. Hafanyi hivyo kila mara. Akiona mtoto mgeni amepoteza michezo mitatu na macho yameanza kujaa machozi, anakaa naye, anamwacha ale malkia wake "kwa bahati mbaya", kisha anashika kichwa na kulalamika kama mtu aliyeibiwa. Mtoto anacheka, anamaliza mchezo, anakwenda nyumbani akiruka. Siku ya pili anarudi.

Nilipomwambia kwamba sijaridhika na jambo hilo, alinijibu kwa maneno ambayo mpaka leo nayaona mazito. Alisema, "Ndugu yangu, mtoto wa miaka saba hahitaji ukweli wa sataranji. Anahitaji sababu ya kurudi kesho. Wewe unalinda ukweli, na nani anamlinda mtoto?"

Tena hakuja mikono mitupu. Alinikumbusha kwamba Imam al-Ghazali, katika Ihya, anapozungumzia maafa ya ulimi, anamtaja mtoto asiyetaka kwenda chuoni kusoma ila kwa ahadi au kitisho kisicho cha kweli, na analihesabu jambo hilo kuwa limeruhusiwa. Akaongeza kisa kinachosimuliwa sana katika madrasa zetu, cha Hasan na Husein (r.a.) walipomwona mzee akitawadha vibaya. Hawakumwambia kwamba amekosea. Walijifanya wanabishana wao kwa wao nani anatawadha vizuri zaidi, wakamwomba mzee awe hakimu, na mzee akajifunza kwa kuwatazama. Mwenzangu akauliza: je, huko si kujifanya? Na je, kuna anayewalaumu?

Hizo ni hoja za mtu aliyesoma, na hazijibiwi kwa kusema tu kwamba uongo ni haramu. Basi tuzipime.

Kwanza tukubaliane uongo ni nini. Kucheza vibaya si uongo. Mwalimu anaweza kuamua kutotumia nguvu zake zote, au kuchagua njia nyepesi ili mwanafunzi apate nafasi ya kufikiri. Anaweza pia kumwambia, "Hapa nimekuachia kitu, kitafute." Hayo yote ni mafundisho. Uongo unaingia pale mwalimu anapokusudia mtoto aamini jambo lisilokuwepo, yaani kwamba amemshinda mtu aliyekuwa anajaribu kushinda. Ulimi unaweza kunyamaza muda wote na uongo ukakamilika kwa mikono.

Wala mikono haiishii hapo. Kuna msichana wa darasa la nne, hodari, aliyemshinda mwenzangu mara mbili katika wiki moja. Baada ya mchezo wa pili akamtazama na kumwuliza, "Ustadhi, umeniachia?" Mwenzangu akasema, "Hapana, umenishinda." Angefanya nini? Kilichoanza kama mchezo wa kuigiza sasa kilihitaji neno la mdomo, tena kwa mtoto aliyeuliza kwa kutaka kujua kweli.

Hapa naikumbuka hadithi aliyoipokea Abu Dawud kutoka kwa Abdullah bin Amir (r.a.). Alikuwa mtoto, na mama yake alimwita akimwambia aje atampa kitu. Mtume (s.a.w.) alikuwa amekaa nyumbani kwao, akamwuliza mama alikusudia kumpa nini. Mama akasema ni tende. Mtume akambainishia kwamba lau asingempa kitu, ingeandikwa juu yake kuwa ni uongo. Tende moja, kwa mtoto mdogo, ndani ya nyumba, na bado ni jambo la kuandikwa! Sisi tunadhani udogo wa mtoto unaupunguza uongo. Hadithi inatufundisha kwamba mtoto naye ana haki ya neno la kweli kama mtu mzima.

Sasa tuirudie hoja ya al-Ghazali. Kwanza, Imam mwenyewe hakuliachia jambo hilo wazi. Anaendelea kueleza kwamba hata uongo ulioruhusiwa huenda ukaandikwa, na mwenye kuusema akatakiwa kuthibitisha nia yake. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, tutazame uongo huo umewekwa wapi. Mtoto anadanganywa ili aende kusoma. Akifika, alifu anayofundishwa ni alifu ya kweli. Uongo umebaki mlangoni. Kadhalika katika kisa cha Hasan na Husein: kilichofichwa ni kwamba mzee ndiye mwanafunzi, lakini udhu aliouona ulikuwa udhu sahihi. Alirudi nyumbani na kitu cha kweli mkononi.

Ushindi wa kuachiwa ni kinyume chake. Hapa uongo haukubaki mlangoni, umeingia katika elimu yenyewe. Kitu pekee ambacho mtoto anachukua kwenda nacho nyumbani, yaani "nimeweza", ndicho kisichokuwa kweli. Ni kama kumpa maskini noti bandia kwa siri. Siri katika sadaka ni jambo lenye fadhila, lakini noti lazima iwe halali, la sivyo atakwenda nayo dukani na kuaibika mbele ya watu.

Na duka lipo. Jumamosi moja tulikwenda kucheza na shule nyingine. Yule msichana alicheza michezo 4, akapoteza yote. Watoto hupoteza, na yeye hakulia kwa ajili hiyo. Alikaa kimya ndani ya taksi mpaka tukakaribia mjini, kisha akauliza, "Basi na zile nilizomshinda ustadhi?" Hakuna aliyemjibu mara moja. Nilielewa alichokuwa anauliza. Alikuwa anarudi nyuma kuhesabu ushindi wake mmoja mmoja, na hakuweza tena kujua upi ni wake. Baadhi ulikuwa wake kweli. Nilikuwepo, niliona akimnasa mfalme wa mtoto wa darasa la sita kwa ngome mbili bila msaada wa mtu. Lakini ushindi wa bandia ukishachanganyika na wa halali, wote unatiliwa shaka. Mwenzangu alitaka kumwongezea kitu, na kumbe alikuwa anamchukulia alichokuwa nacho.

Ndiyo maana nikasema tuikumbuke sababu ya wanazuoni wa Kishafi'i. Ikiwa sataranji ilipata nafuu kwao kwa kuwa matokeo yake yanatoka katika fikra, basi mwalimu anayepanga matokeo ameitoa fikra ndani ya mchezo. Kwa upande wa mtoto kilichobaki ni dadu: leo imeangukia kwake, kesho haikuangukia, na yeye hana habari kwa nini.

Tutazame na mwenendo wa Mtume (s.a.w.). Bibi Aisha (r.a.) amesimulia, katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, kwamba walishindana mbio safarini na yeye akamtangulia Mtume. Baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, wakashindana tena na Mtume akamtangulia, akamwambia kwamba hii ni kwa ile ya mwanzo. Hadithi haisemi kwamba aliachiwa, na aliposhindwa ametaja sababu ambayo mtu anaweza kuiona kwa macho. Mume mpole kuliko waume wote alikimbia mbio za kweli na mke wake, akashinda. Upole wake ulikuwa katika kukubali kushindana naye na katika maneno baada ya mbio. Hakuhitaji kuuweka katika matokeo.

Na ngamia wake al-Adhbaa, ambaye hakuwa akitanguliwa, alipotanguliwa na ngamia wa bedui, Masahaba waliona uzito. Mtume akawafahamisha, kama ilivyo katika Bukhari kutoka kwa Anas (r.a.), kwamba hakuna kitu kinachonyanyuka katika dunia hii ila Mwenyezi Mungu hukishusha. Hilo ni somo ambalo sataranji inaweza kulifundisha kila Jumanne bila mwalimu kuhutubu. Wahenga wetu wamelisema kwa njia yao: asiyekubali kushindwa si mshindani. Mtoto tunayemkinga asishindwe, tunamkinga na somo hilo.

Lakini mwenzangu ana haki ya kuuliza: basi tumwache mtoto wa miaka saba apoteze michezo 30 mfululizo mpaka achoke? Hapana. Rehema ni lazima. Swali ni rehema gani.

Jibu tulilolipata ni la zamani kuliko sisi. Mabingwa wa sataranji katika zama za Bani Abbas, kina al-Adli na Abu Bakr as-Suli, waliwapanga wachezaji katika matabaka, na tofauti ya matabaka ilipimwa kwa kete ambazo mwenye nguvu humtolea mnyonge kabla ya kuanza: huyu hutolewa askari, yule farasi, mwingine ngome. Hakuna aliyejifanya amesahau kete yake. Inaondolewa ubaoni, wote wawili wanaona, kisha kila mmoja anacheza kwa uwezo wake wote.

Ndivyo tunavyofanya sasa. Namwambia mtoto mgeni, "Mimi nimecheza miaka mingi, wewe wiki mbili. Natoa malkia na ngome zote mbili. Baada ya hapo sikuachii kitu." Akinishinda mara mbili mfululizo, narudisha ngome moja. Watoto wamelielewa jambo hili upesi kuliko tulivyodhani. Hawaulizi tena "umeshinda?", wanaulizana "ustadhi anakutolea nini?" Mtoto anayetolewa farasi peke yake anatembea kifua mbele. Ushindi wake unaweza kuwa mdogo, lakini ukimgusa ni mgumu, hauvunjiki, kwa sababu anajua ulipoanzia na ulipoishia. Yule msichana wa darasa la nne nilianza naye upya kwa malkia na ngome moja. Sasa namtolea askari wawili.

Sitasema kwamba njia hii haina gharama. Mvulana mmoja wa darasa la sita alikataa kutolewa kete. Alisema yeye si mtoto mdogo, akachagua kupoteza kwa usawa, na muhula wote hakunishinda hata mara moja. Heshima yake ilikuwa ghali, ila aliilipa mwenyewe. Mwingine, wa darasa la pili, aliona aibu kucheza na ubao wangu ukiwa nusu huku wenzake wanatazama. Aliacha kuja. Nilikwenda kwao, mama yake alinikaribisha vizuri, na mtoto akaniambia anapenda mpira zaidi. Mwenzangu anaamini angemwachia michezo miwili tu, mtoto yule angekuwa nasi mpaka leo. Inawezekana. Sina la kumpinga nalo. Ninalosema ni kwamba kurudi kwake kusingekuwa haki yangu kukununua kwa sarafu ile.

Na hapa swali linatoka kwa watoto na kutujia sisi. Tumezoea kumheshimu mwalimu wa Qur'ani asiyeacha herufi ipite bila kutoka mahali pake. Hakuna anayemwita katili. Tunajua kwamba mwanafunzi anayeachiwa makosa ya tajwidi leo atayabeba mpaka mihrabuni. Lakini nje ya hapo tunagawiana ushindi wa kuachiwa bila kufikiri. Ndugu anatoa darsa isiyoandaliwa, tunamwambia mashaallah, umetufaidisha. Mwenzetu anatupa utafiti wake tuusome kabla ya kuuwasilisha, tunaona tundu katikati, tunasema uko vizuri. Tunaita adabu. Kisha anakwenda mbele ya jopo, na huko hakuna anayemwachia.

Ushauri wangu ni ule ule wa ubaoni. Ukiona mwenzako hajafikia, punguza mzigo waziwazi, usimdanganye kuhusu uzito aliobeba. Mwambie, "Sura ya tatu iache kwanza, turekebishe ya pili." Mwambie, "Sauti yako ni nzuri, hoja yako bado." Hapo umemhurumia na umemwambia kweli kwa pamoja, na kesho ukimsifu ataamini.

Mwenyezi Mungu atupe ndimi za kweli na nyoyo laini, na asitufanye miongoni mwa wanaotoa kimoja kwa kukiacha kingine. Wallaahu a'lam.